Sura ya Tisa: Maksai wa Don Baudilio

Kitendawili! Huingia kila nyumba ya kisiwa asubuhi moja, habishi hodi, havui buti, wala hangoji kukaribishwa kiti. Umeshindwa? Nipe mji. Haya, ni redio. Na asubuhi ile ya Alhamisi, mwezi wa pili, redio ndiyo iliyomponza Yasna Ojeda, naye masikini alikuwa hana habari.

Alikuwa akipanda njia ya matope kwenda kwa Doña Ismenia Barría huku anaimba. Rasharasha ilikuwa imemlowesha nywele, buti zake za mpira zilikuwa nzito kwa tope, lakini moyoni alikuwa na joto kama mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa hapa Rilquén, ametoka Concepción, chuoni, kuja kufanya mafunzo ya vitendo katika ofisi ya makazi ya manispaa. Kazi yake ilikuwa na jina refu: sera ya makazi nafuu yanayohimili mabadiliko ya tabianchi. Doña Ismenia alipolisikia mara ya kwanza alisema, "Jina hilo halitoshi kuingia katika nyumba yangu. Liache nje, wewe uingie."

Akaingia. Na humo ndani alikuwamo Eliseo Levicoy, mtoto wa mwisho wa Doña Ismenia, mrefu, mpole, mwenye mikono inayonuka utomvu wa miti. Mengine mnayajua wenyewe. Siku ya kwanza alimshikia mwisho wa futi ya kupimia, na alipoulizwa kipimo akasahau kukisoma.

Nyumba ile ilikuwa inafuatwa na bahari. Kila majira ya baridi dhoruba zilikuja kali kuliko za mwaka uliopita. Zilimega bustani, zikamega uzio, na sasa kati ya ukuta wa jikoni na genge kilibaki kipande cha nyasi ambacho hata kondoo alisita kukikanyaga. Ofisi ilikuwa na jibu moja kwa nyumba za namna hiyo: kuzibomoa, na mwenye nyumba apewe makazi katika majengo mapya ya mjini. Yasna, mwanafunzi tu, ndiye aliyeinua mkono kikaoni akauliza: hizi nyumba za mbao nzuri, mbona zisivutwe nzimanzima hadi mlimani, kwa magogo na maksai, kama watu wa visiwa hivi vya Chiloé walivyozivuta tangu zamani? Mkuu wake alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema, basi ofisi italipia nguzo mpya kule juu, ajaribu nyumba moja. Ikifika salama Jumamosi hii, jambo litaingia katika sera na majirani wengine watafuata. Isipovutwa, mwezi ukiisha wabomoaji wanakuja.

Kwa hiyo Yasna alipofika mlangoni alikuwa amebeba furaha mikono miwili.

"Hodi, Doña Ismenia! Umesikia redio?"

Doña Ismenia alikuwa mbele ya jiko la kuni, anakuna viazi vya kutengenezea milkao, mikate ya viazi ya huko. Hakuinua uso.

"Nimesikia."

"Wamesoma vizuri, eh? Niliwaomba wasome mara mbili."

"Wamesoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani masikio yangu yameharibika." Kiazi kilikwenda kasi juu ya mkuno, krr, krr, krr. "'Doña Ismenia Barría wa Rilquén anawaalika majirani wote Jumamosi asubuhi kuja kuvuta nyumba yake. Wenye maksai waje na maksai. Chakula kitakuwepo.' Chakula kitakuwepo! Mimi nimekuwa hoteli."

Yasna alisimama na tabasamu lake, hajui aliweke wapi.

"Nimekosea kitu?"

"Mbona unaniuliza mimi? Kamuulize Hortensia Cárcamo. Amepita hapa sasa hivi na ndoo yake ya kome. Nimemwambia habari za asubuhi. Unajua kanijibu nini? 'Loo, leo unasalimia kwa mdomo wako! Nilidhani salamu nayo nitaisikia redioni.'"

"Lakini mama, nilitaka tu wote wapate habari. Wiki mbili sasa kila nikikuuliza unasema utakwenda kwa majirani kesho. Jumamosi ni keshokutwa."

Doña Ismenia akauweka mkuno chini. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa moshi.

"Nyumba huombewa, binti. Haitangaziwi. Mtu akitaka nyumba yake ivutwe anatoka kwa miguu yake mwenyewe, mlango kwa mlango. Anabisha hodi. Anaketi. Anakunywa anachopewa, kiwe kitamu kiwe kichungu. Anauliza watoto, anauliza kuku. Kisha anasema, 'Nimekuja kukuomba.' Aliyeombwa hivyo, jicho kwa jicho, hana njia ya kukataa. Ndiyo sababu watu huja! Wewe umewatangazia kama mtu aliyepotelewa na mbwa. Sasa kisiwa kizima kinasema Ismenia amepata marafiki serikalini, hawezi tena kukanyaga tope la watu."

Yasna alikuwa ameangalia picha nyingi za nyumba zikivutwa, picha za zamani na za sasa. Zote zilianzia kwenye maksai. Hakuna mtu aliyewahi kupiga picha ya mwanamke ameketi kwenye kiti cha jirani, anaomba.

Hapo mlango wa nyuma ukafunguka, Eliseo akaingia na shoka begani, magome ya miti yamemganda kwenye sweta. Alimwangalia Yasna kwanza, kama kawaida yake. Mama mtu akaona alivyomwangalia kwanza.

"Njoo, njoo," Doña Ismenia akasema. "Njoo umtetee. Ndiyo kazi yako siku hizi."

"Mama, nimesikia njiani. Ni kosa la kutokujua."

"Kutokujua?" Sauti ya mama ilishuka, na iliposhuka ikawa mbaya zaidi. "Juzi nilikuwa natoa maji kisimani. Ninyi mlikuwa kwenye banda la mashua. Nilikusikia kwa masikio yangu, Eliseo. 'Nyumba ikibomolewa, nitakufuata Concepción.' Ulisema, hukusema?"

Eliseo akalishusha shoka begani.

"Basi na mimi nawaza," Doña Ismenia aliendelea. "Nawaza labda redio haikuwa kosa. Labda yuko mtu aliyetaka majirani wakasirike. Nyumba isivutwe, ibomolewe, mtoto awe hana kinachomshika hapa. Tayari! Afungashe nguo, apande feri."

"Mimi?" Yasna alisema. "Mimi, Doña Ismenia?"

Akamgeukia Eliseo. Alingoja neno moja tu, 'hapana', fupi vile lilivyo. Eliseo alifungua mdomo, akafunga, akatazama sakafu. Kitambo kile kilikuwa kirefu. Kingetosha mtu kumwaga birika la chai na kulijaza tena.

Yasna akatoka. Hakubamiza mlango, aliufunga polepole, na hilo ndilo lililomchoma Eliseo zaidi.

Eliseo alimkuta Yasna langoni, anahangaika na kamba ya kufungia.

"Yasna. Ngoja."

"Ulinyamaza."

"Nilipigwa na butwaa."

"Ulinyamaza, Eliseo! Mama yako ananiita mwizi mbele yako, wewe unahesabu mbao za sakafu."

Mvua ilikuwa ikichuruzika kutoka kwenye kofia ya sufi ya Eliseo hadi kidevuni. Hakuifuta.

"Nikikuambia ukweli utanichukia," alisema.

"Ninaelekea huko tayari. Sema."

"Nilinyamaza kwa sababu yangu mimi, si yako. Niliposikia habari ya tangazo njiani, nikitoka msituni, nilijua hakuna atakayekuja. Nikajua itabomolewa. Na nikafurahi. Kidogo tu, Yasna, kama mtu anayesikia harufu ya chakula kwa mbali. Nikawaza, sasa niko huru kukufuata, wala hakuna atakayesema nimemwacha mama. Halafu mama akayasema yaleyale, akakutupia wewe. Nikaona anazungumza na roho yangu. Nitasemaje 'hapana'?"

Yasna alikuwa amempenda mtu huyu kwa mikono yake, kwa upole wake, kwa vitendawili vyake vya kipuuzi wakati wa kupima kuta. ('Ana macho mwili mzima na haoni njia.' 'Kiazi, Eliseo. Jana ulinitega hichohicho.') Leo alimwona amesimama bila kuficha chochote, naye akahisi uchungu na huruma kwa pamoja, hata hakujua lipi limtoe machozi.

"Sikuchukii," alisema. "Lakini sikiliza. Mimi simtaki mwanamume anayenijia kwa sababu hana pa kubaki. Ukinifuata juu ya mbao zilizobomolewa, kila tukigombana utanitazama na utaona nyumba ya mama yako. Nataka nyumba ile isimame. Isimame kule juu, imara, na moshi unatoka. Halafu wewe, ukiwa na mlango wako wa kurudi, useme unanitaka au hunitaki."

"Nakutaka."

"Usiseme sasa. Sasa niambie kwa nini mama yako hakutoka kwenda kuomba wiki mbili nzima. Anasingizia magoti, nayo si mabaya hivyo. Jumapili alikwenda kanisani na kurudi."

Eliseo akapumua.

"Don Baudilio Guenteo. Yule mwenye nyumba ya kijani kileleni. Maksai wake ndio wenye nguvu kuliko wote. Yeye akija, wote wanakuja, asipokuja, kila mtu anaumwa mgongo. Na mama hajasema naye tangu mwaka ule wa viazi. Don Baudilio alimwomba aje kuvuna, mama akakubali, siku ikafika, hakuenda. Hapa hakuna aibu kama hiyo."

"Si ungekwenda wewe kumwomba?"

"Nilikwenda. Alinipa chicha, ile pombe yake ya matufaha, akaniuliza kuku mmoja mmoja kwa jina. Mwisho akaniuliza, 'Nyumba ni ya nani, mwanangu?' Nikasema ya mama. Akasema, 'Haya, msalimie.'"

Yasna aliifunga tena kamba ya lango, safari hii fundo likakubali mara ya kwanza. Akarudi alikotoka.

"Unakwenda wapi?"

"Menya magogo yako," alisema bila kugeuka.

Jikoni, Doña Ismenia alikuwa ameketi, mikono mapajani, viazi vinageuka rangi kwenye beseni. Yasna hakungoja kuambiwa. Alivua koti, akakaa kwenye kigoda, akachukua kiazi akaanza kukuna. Alikuwa hajui kazi yenyewe. Mara ya tatu akajichubua kidole.

"Utatutia damu kwenye milkao," Doña Ismenia akasema.

"Nimekosa, mama. Sikujua, lakini kutojua kwangu kumekuaibisha wewe, si mimi. Nitarudi redioni niwaambie..."

"Usithubutu! Usiikaribie tena redio hiyo!"

Kisha, Mungu anajua nani alianza, mabega yao wote wawili yakatikisika. Kilikuwa kicheko chembamba, cha watu waliokwisha kulia.

"Basi twende kwa miguu," Yasna alisema. "Wewe useme, mimi nikushikie mwavuli."

"Mwavuli! Upepo wa huku utakuchukua na mwavuli wako mpaka Argentina." Doña Ismenia akamnyang'anya kiazi. Akamtazama usoni, akimsoma mstari kwa mstari. "Unamtaka mwanangu?"

"Namtaka."

"Ukitaka kumchukua utamchukua. Mimi najua. Wakubwa wake wawili walichukuliwa na kazi za kusini, na kazi haina hata nywele nzuri. Mmoja wao, Raúl, aliniambia anakwenda kwa mwaka mmoja. Kila mwaka wanakuja pia wanafunzi kama wewe, wanapima, wananipiga picha na jiko langu, wanasema Doña Ismenia hatutakusahau. Sijapata hata salamu. Sasa na wewe mwezi huu ukiisha unaondoka. Kweli si kweli?"

"Kweli. Nina mwaka mmoja wa kumaliza."

"Angalau hukunidanganya." Aliinuka, akashika meza kwanza, kisha ukuta. Akachukua shali yake nyeusi ya sufi, ile ya misa. "Siwezi kwenda kwa Baudilio, binti. Nimejaribu. Wiki iliyopita nilifika mpaka kwenye mti wa tufaha, nikarudi. Nitamwambia nini? Mdomo wenyewe unakauka."

"Mwambie 'nimekuja kukuomba'. Mengine yatakuja yenyewe."

"Nani kakufundisha?"

"Wewe. Sasa hivi, ukinifokea."

Doña Ismenia akatia uso mkali ili asicheke.

"Nipe mkono," alisema. "Mlima ule haunipendi."

Walipanda taratibu. Hortensia Cárcamo aliwaona akiwa dirishani kwake, akaita kwa sauti, "Mnakwenda studio?" Doña Ismenia akabana mkono wa Yasna, na Yasna akasikia mapigo ya moyo wa mwanamke yule yanapita kwenye sufi, ya haraka kama ya msichana.

Penye mti wa tufaha alisimama. Yasna hakumvuta. Alisubiri tu, akitazama maji ya mlango wa bahari yaliyokuwa yamelala kijivu kule chini, na nyumba ndogo ukingoni mwake, vigae vya mbao vimetepeta kwa mvua. Toka juu hapa iliogopesha zaidi. Ilikuwa kama mtu aliyeketi ukingoni mwa kitanda cha mwingine.

"Haya," Doña Ismenia akasema, wakaendelea.

Don Baudilio alifungua mwenyewe. Mzee mfupi, mpana, nyusi kama brashi. Aliwatazama wote wawili kwa zamu.

"Ismenia."

"Baudilio."

"Mvua."

"Ndiyo, mvua."

"Pita."

Waliketi karibu na jiko. Mzee akamimina chicha ya matufaha katika glasi, akampa Doña Ismenia, akaijaza tena akampa Yasna. Ilikuwa kali, ikamchoma koo hadi machozi. Aliimaliza yote. Wakaulizana watoto. Wakaulizana kondoo. Wakamsema padri mpya kwamba anahubiri haraka kama mwenye sufuria motoni. Maneno yakaisha, kuni zikalia, na Yasna akaona vidole vya Doña Ismenia vinasokota pindo la shali, vinasokota, vinasokota.

"Nimekuja kukuomba, Baudilio," alisema.

Mzee aliongeza kipande cha kuni jikoni, akakisukuma kwa ncha ya buti.

"Mara ya mwisho mimi nilikuomba wewe. Viazi. Hukuja."

"Sikuja."

"Ulikuwa kivukoni. Raúl alikuwa anaondoka."

Doña Ismenia akainua uso. "Ulijua?"

"Shamba langu liko wapi, Ismenia? Si hapo juu? Nilikuona. Nilisimama na jembe langu nikakuona umesimama penye feri, na feri imekwenda, na wewe bado umesimama. Mpaka ikawa ndogo kama kijiko. Wote tulikuona. Hakuna aliyenung'unika siku ile."

"Sasa kama ulijua, mbona miaka yote hii hukusema neno?"

"Nilikuwa nangoja uje uniambie! Mlango wangu hauna kufuli. Kila Jumapili namwambia marehemu mke wangu kule makaburini, leo atakuja. Wewe unanipita kanisani kama unapita nguzo."

"Niliona aibu, wewe mwanamume."

"Na mimi nilinuna. Nimekwisha kuzoea kununa, ningeacha vipi?" Akapangusa pua kwa kiganja. "Halafu asubuhi hii nasikia redio inaniita. 'Wenye maksai waje na maksai.' Nikasema, haya, hata sauti yake ananinyima."

"Ile redio ni mimi, Don Baudilio," Yasna alisema. "Doña Ismenia hakujua. Nilidhani nasaidia."

Nyusi zile zikamgeukia.

"Na huyu? Umeniletea serikali, Ismenia?"

Yasna alifungua mdomo ajieleze: mafunzo, chuo, ofisi, jaribio. Doña Ismenia akamwekea mkono gotini.

"Huyu ni wa nyumbani," alisema.

"Wa nyumbani vipi?"

"Muulize Eliseo. Na kama Eliseo hajui, nitamwambia mimi."

Joto likampanda Yasna kutoka shingoni hadi masikioni, wala halikuwa la chicha. Hakuthubutu kutazama upande. Mkono ule uliokaa juu ya goti lake ulikuwa na ngozi ngumu na makovu ya mkuno, na haukuondoka.

"Mm," Don Baudilio akafanya. Alimtazama Yasna kwa makini mapya, kama anavyotazamwa ndama sokoni, lakini kwa wema. "Basi kama ni wa nyumbani, na yeye ameomba. Amekunywa chicha yangu, ameketi kitini pangu. Unajua maana yake, binti? Hapa tukiombwa tunakuja. Lakini aliyekuja kuomba, naye siku yake ikifika anaitika. Sitaki pesa ya ofisi yenu, sitaki cheti. Mwezi wa nne navuna viazi. Nitakuja kwenye mlango ule, popote nyumba itakapokuwa, niseme 'nimekuja kukuomba'. Ismenia magoti yake hayainami tena. Wewe utakuwepo?"

Mwezi wa nne. Mwezi wa nne Yasna angekuwa darasani Concepción, bahari na nusu ya nchi katikati. Aliona basi la usiku, feri ya alfajiri, kisha ile ya pili ndogo. Aliona mitihani. Aliona pia kwamba hakuna mtu katika chumba kile aliyekuwa anamuuliza habari za viazi. Doña Ismenia alikuwa anatazama jiko, ametulia tuli, kama mtu aliyejiandaa kusikia la kawaida: hatutakusahau.

Angeweza kusema atajaribu. Neno hilo lilikuwa karibu na ulimi, laini, halimfungi mtu.

"Nitakuwepo," alisema. "Nitasafiri usiku kucha, nitakuja na tope la Concepción kwenye buti. Lakini nifundishwe kuchimba, kwa sababu nitavikata vyote."

"Atavikata," Doña Ismenia alisema. "Hata kukuna hajui."

"Na mwaka wa kesho yake?" mzee aliuliza.

"Baudilio! Mwache mtoto amalize huu kwanza."

Mzee akacheka, kicheko kilichokuwa kimefungiwa siku nyingi, kikatoka na vumbi lake. Akavuta buti zake kubwa kutoka nyuma ya jiko.

"Nakwenda kwa Hortensia sasa hivi," alisema, "nimwambie aache kununa, kununa ni kazi yangu. Na nira zitazamwe. Nyumba ya mbao iliyolowa si mchezo. Jumamosi alfajiri, Ismenia. Weka chicha ya kutosha, maana tangazo lako limesema chakula kitakuwepo."

Waliporudi mvua ilikuwa imekatika. Eliseo alikuwa mteremkoni, nyuma ya nyumba, amepanda juu ya gogo refu la kuvutia nyumba, anachuna gome. Shoka lilikuwa linakwenda juu na chini kama la mtu anayegombana na nafsi yake. Alipowaona wanakuja wameshikana mikono, shoka lilibaki hewani.

"Mlikuwa wapi?"

"Kuomba," mama yake alisema.

"Kwa nani?"

"Kwani kuna wangapi wenye nyumba ya kijani?"

Eliseo akashuka kwenye gogo. "Akasemaje?"

"Anakuja na maksai wake wote, na waliobaki anakwenda kuwaamsha mwenyewe. Lakini mwezi wa nne tunakwenda kumvunia viazi." Doña Ismenia alikuwa amekwisha fika mlangoni, anakung'uta tope. "Sisi watatu," aliongeza, akaingia ndani. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana: akafunga mlango wa nyuma, akavuta na pazia.

Eliseo alisimama na shoka lake.

"Watatu," alisema. "Mama, mimi, na..." Uso wake ukachangamka kwa mshangao. "Raúl anarudi?"

"Raúl harudi," Yasna alisema.

Alimwacha afikiri. Alimwona anavyofikiri, polepole, kama kawaida yake. Macho yake yalipita kwenye buti za Yasna, kwenye kidole chake kilichochubuka, kwenye nywele zilizolowa, yakafika usoni yakasimama hapo. Hapo ndipo alipoelewa.

"Chuo?" aliuliza.

"Chuo nitamaliza. Nitakwenda na kurudi. Feri zinakwenda pande zote mbili, Eliseo, hamjawahi kuliona hilo ninyi watu wa hapa?" Sauti yake ilikuwa na mzaha, lakini ilikuwa inavunjika pembeni. "Nimeahidi mbele ya Don Baudilio. Ukitaka kunikataza, panda mlima ukamwambie mwenyewe."

Eliseo hakupanda mlima. Aliliegemeza shoka kwenye gogo. Akafuta utomvu mikononi kwa suruali yake, kidole kimoja kimoja, taratibu, hadi akaridhika kwamba mikono ile ni safi. Ndipo akamshika.